Mto Hauna Mistari

Sisi watu wa vitabu tunapenda kuamini kwamba mstari ni mali yetu. Mshairi anaukata pale anapotaka, mhariri anauhesabu, mwalimu wa sekondari anautungia swali la mtihani. Kumbe kuna watu wengine wanaoshinda kutwa nzima wakihangaika na mstari, pengine kuliko sisi, na hawajawahi kuandika hata ubeti mmoja. Ni wale wanaotengeneza programu za seva, yaani zile kompyuta zinazokaa mahali zikipokea maandishi kutoka kwa watu wengi kwa wakati mmoja na kuyashughulikia. Swali lao ni rahisi kulisema na gumu kulijibu: mstari unaishia wapi?

Swali hili limenikaa kichwani zaidi nikiwa Rusumo kuliko mahali pengine. Rusumo iko wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, pale barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Kahama, Nyakanazi na Lusahunga ya Biharamulo inapoufikia mto Kagera na kuvukia Rwanda. Jina lenyewe, kwa lugha za huko, ni la maporomoko, na ukisimama karibu na daraja unayasikia kabla hujayaona vizuri. Kazi ya uandishi wa habari imenipeleka pale, na kila mara kinachonivuta macho ni vitu viwili vinavyopishana: maji yanayopita chini bila kusimama, na malori yaliyopanga foleni juu yakisubiri moja moja. Maji hayana mwanzo wala nukta. Foleni ina lori la kwanza, la pili, la tatu.

Kuna kitu cha tatu kisichoonekana, nacho ni maandishi. Lori halifiki mpakani peke yake. Tangu mwaka 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa Kigali unaoshuka bandari ya Dar es Salaam hutolewa tamko na kulipiwa kodi ya Rwanda ukiwa bado Dar. Maelezo yake husafiri kwa waya na kumtangulia dereva. Tanzania ina mfumo wake wa forodha, TANCIS. Rwanda inatumia ASYCUDA, mfumo uliobuniwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Basi juu ya mto Kagera kuna mto mwingine, wa herufi, na huo nao una tabia ileile ya maji: unatiririka tu. Mistari haimo ndani yake. Lazima mtu aikate.

Hapo ndipo penye hadithi yangu.

Hebu tuone jinsi inavyokuwa. Sehemu kubwa ya intaneti husafirisha data kwa kanuni inayoitwa TCP, ambayo mbegu yake ilipandwa na Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974. TCP inaahidi mambo mawili makubwa: kila herufi itafika, na zitafika kwa mpangilio uleule zilivyotumwa. Jambo la tatu haiahidi. Haisemi kwamba zitafika katika mafungu yaleyale. Ukituma mistari mitatu, inaweza kufika kama fungu moja, au mafungu matano, na kila fungu likiwa limekatika popote pale.

Tuseme mtu anatuma taarifa hii ya mazao, na mimi naweka mkwaju pale mstari unapoishia:

Ngara, kahawa, magunia 120/
Biharamulo, mahindi, magunia 300/
Kahama, mchele, magunia 80

Seva inaweza kuipokea hivi. Fungu la kwanza: "Ngara, kahawa, magunia 120/Biharamu". Fungu la pili: "lo, mahindi, magunia 30". Fungu la tatu: "0/Kahama, mchele, magunia 80". Hakuna herufi iliyopotea, hakuna iliyoruka. Lakini mtengeneza programu mgeni wa kazi, anayedhani kila fungu ni mstari, ataandika daftarini kwamba kuna mahali panaitwa Biharamu, na kuna mahali pengine panaitwa Lo penye magunia 30 ya mahindi. Magunia 270 yameyeyuka. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba mezani kwake, ofisini, halionekani. Pale anatuma mstari mmoja mmoja, nao unafika mzima. Linajitokeza baadaye, siku mtandao ukielemewa, mbali na macho yake, kwenye hesabu za mtu mwingine.

Dawa yake ni ya zamani na kila mwandishi wa habari anaijua, maana ndivyo tunavyonukuu hotuba. Msemaji anaongea, ukurasa unakwisha katikati ya sentensi. Huanzi sentensi mpya kwa sababu ya ukurasa mpya. Unakumbuka kipande kilichobaki, unakiunganisha na kinachofuata, na unaweka nukta pale msemaji anapomaliza. Seva inafanya vivyo hivyo. Inapokea fungu, inatafuta alama ya mwisho wa mstari, inatoa mistari iliyokamilika, na kile kipande kilichobaki inakiweka akiba. Fungu jingine likija, inaligundisha nyuma ya akiba na kutafuta tena. "Biharamu" inasubiri "lo". "30" inasubiri "0".

Kazi hii inaonekana ndogo, na ndiyo maana inakosewa sana. Ina mitego miwili zaidi. Mmoja ni akiba isiyo na kikomo: mtu mwenye nia mbaya anatuma herufi bila kuweka alama ya mwisho, anaendelea kutuma, na seva kwa uaminifu wake inaendelea kutunza mpaka kumbukumbu inajaa na kila mtu mwingine anakosa huduma. Kwa hiyo waandishi wa kanuni waliweka kipimo. Kwenye barua pepe, mstari mmoja hauruhusiwi kuzidi herufi 998, bila kuhesabu alama mbili za mwisho wake. Mtego wa pili ni kipande cha mwisho. Angalia mfano wangu: mchele wa Kahama hauna mkwaju. Je, mtumaji amemaliza, au amekatika katikati? Huenda alikuwa anataka kuandika 800. Nitarudi kwenye kipande hiki.

Wasomaji wa ushairi mmeshaanza kuhisi kitu, najua. Tatizo la kujua mstari umeishia wapi lina suluhisho mbili tu za msingi. Ya kwanza ni alama: tunakubaliana kwamba ukiona ishara fulani, hapo ndipo mwisho. Ya pili ni kipimo: nakwambia mapema kwamba kinachokuja kina urefu kadhaa, wewe hesabu, ukifika acha. Sasa chukua utenzi. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani nane. Hicho ni kipimo. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina chao, na cha nne kina kina cha bahari kinachorudi kila ubeti kuanzia mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Hiyo ni alama.

Na msidhani hili lilikuwa pambo tu. Miswada ya zamani ya tenzi zetu, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu Pate, Lamu na kwingineko pwani, mara nyingi ilipanga ubeti mzima katika mstari mmoja wa karatasi, vipande vinne vikifuatana na alama ndogo katikati yake. Ile sura tunayoiona vitabuni leo, vipande vinne vimepangwa kimoja chini ya kingine, ililetwa na uchapaji. Lakini msomaji wa Pate hakuhitaji mchapaji amkatie. Sikio lake lilihesabu nane, likasikia kina, likajua. Tena alikuwa na faida ambayo seva nyingi hazina: vipimo viwili vikikubaliana, yuko salama, vikipishana, kina kikaja kwenye mizani ya saba, anajua mnakili kasinzia. Utenzi unajikagua wenyewe.

Mashine haina sikio. Lazima iambiwe. Na historia ya jinsi ilivyoambiwa ni ya ajabu kidogo.

Waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, ukitokea Aden na kuendelea kusini hadi Durban. Siku zile hakuna aliyetuma mstari. Walituma maneno, yakilipiwa kwa idadi, na karani upande wa pili ndiye aliyeamua akate wapi ili yaenee kwenye fomu yake. Mstari ulikuwa hekima ya anayepokea. Mambo yalibadilika pale mashine zilipoanza kuchapa zenyewe bila karani. Mwaka 1901 Donald Murray, mtu wa New Zealand aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mvumbuzi, alitengeneza msimbo wa simu ya maandishi ulioongeza ishara mbili zisizochapa herufi yoyote. Moja iliiambia mashine irudishe kichwa chake mwanzo wa karatasi, upande wa kushoto. Nyingine iliiambia isogeze karatasi juu hatua moja.

Aliyewahi kumwona katibu muhtasi na taipureta yake ataelewa. Kwake yalikuwa tendo moja: anasukuma kile kikono cha chuma, karatasi inapanda na gari la taipureta linarudi, kengele imeshalia. Kwa mashine ya simu yakawa matendo mawili, na hayo mawili yalikuwa na mpangilio: rudi kwanza, kisha panda. Kwa nini? Kwa sababu kurudi kulichukua muda. Mashine maarufu ya Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963, ilichapa herufi 10 kwa sekunde, na kichwa chake hakikuweza kufika mwanzo wa mstari ndani ya muda wa herufi moja. Ishara ya kupandisha karatasi ilikipa nafasi. Yaani uvivu wa kipande cha chuma ndio ulioamua mstari uandikwe vipi.

Mwaka huohuo wa 1963 ukatoka msimbo wa ASCII, ukazipa ishara hizo namba: 13 kwa kurudi, 10 kwa kupanda. Mashine za chuma zikazeeka, namba zikabaki. Ndipo kila ukoo ukachukua njia yake. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliotengeneza Unix pale Bell Labs kuanzia 1969, walifuata waliotangulia katika mradi wa Multics na kusema 10 peke yake inatosha. DOS ya Microsoft, mwaka 1981, ikashika zote mbili, 13 kisha 10. Kompyuta za Macintosh za Apple zikatumia 13 peke yake, mpaka Mac OS X ilipokuja mwaka 2001 ikiwa na damu ya Unix. Intaneti, kwa upande wake, ikaandika kwenye kanuni zake za barua na kurasa kwamba mstari unaishia kwa zote mbili.

Kama umewahi kufungua faili kutoka kwa rafiki ukakuta aya zote zimeshikana kama gazeti lililolowa, umekutana na ugomvi huu. Programu ya Notepad ya Windows ilikaa hadi mwaka 2018 ndipo ikakubali kuitambua namba 10 ikija peke yake. Miaka yote hiyo, mistari iliyoandikwa na watu wa Unix ilionekana kwake kama mstari mmoja usio na mwisho.

Kufika hapa unaweza kusema: haya ni mambo ya mafundi, yanatuhusu nini? Yanatuhusu pale pande mbili zinapokata tofauti na hakuna anayejua.

Barua pepe husafiri kutoka seva hadi seva kwa kanuni iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Humo, mwisho wa barua ni mstari wenye nukta moja peke yake. Sasa, nukta imekaa kati ya mwisho wa mstari na mwisho wa mstari. Na mwisho wa mstari, kama tulivyoona, kila ukoo una wake. Desemba 2023, mtafiti Timo Longin wa kampuni ya SEC Consult alionyesha kwamba baadhi ya seva zilikuwa na huruma kupita kiasi. Seva ya kwanza ilifuata kanuni: ikiona nukta imezungukwa na namba 10 tupu, inasema hii sio nukta ya mwisho, ni maandishi tu, inapitisha. Seva ya pili ilisema haya, 10 tupu nayo nahesabu kuwa mwisho. Barua imeisha, kinachofuata ni barua mpya. Hivyo mtu aliweza kuficha barua ndani ya barua. Inaondoka moja, inafika mbili, na ya pili imebeba jina la mtumaji wa uongo huku ikiwa na mihuri yote ya uhalali. Wataalamu waliipa mbinu hiyo jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili ni neno linalojulikana vizuri mpakani: magendo.

Nililipenda jina hilo kwa sababu ni sahihi. Magendo hayatokei kwa sababu mpaka haupo. Yanatokea pale upande mmoja unapohesabu tofauti na mwenzake. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua pale Rusumo daraja jipya na kituo cha huduma kwa pamoja mpakani. Wazo la kituo hicho, ukiondoa hotuba na riboni, ni kwamba maofisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja, lori likaguliwe mara moja tu, kwa macho ya pande zote mbili. Mtengeneza seva yeyote angelielewa hilo haraka.

Kuna ugomvi mmoja wa alama unaotugusa sisi wasema Kiswahili moja kwa moja, na sijaona ukizungumzwa kwenye kurasa za fasihi. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni ya kupashana habari za biashara kati ya kompyuta, UN/EDIFACT. Meli na bandari nyingi duniani bado zinaitumia. Katika kanuni hiyo ujumbe unagawanywa vipande, na alama ya kawaida inayofunga kila kipande ni ritifaa. Ndiyo, hii: '. Waliiona ni alama ndogo isiyo na kazi kubwa.

Sasa andika mzigo wa ng'ombe. Kompyuta inasoma NG, inakuta ritifaa, inasema kipande kimeisha. Inaanza kipande kipya kinachoitwa OMBE, inatafuta maana yake kwenye orodha zake, haioni kitu. Andika ng'ambo, neno letu la upande wa pili wa mto: linakatika palepale, kabla halijavuka. Waandishi wa kanuni waliacha mlango wa kutokea. Unatanguliza alama ya kuuliza, unaandika NG?'OMBE, na hapo mashine inajua ritifaa hii ni herufi, sio ukuta. Lakini lazima kuwe na mtu anayejua kwamba Kiswahili kipo, na kwamba kina sauti inayoandikwa hivyo. Lugha ambayo haikuwapo mezani siku alama zilipochaguliwa hulipa ushuru wa namna hiyo kila siku.

Na ritifaa ikipambwa na programu za kisasa, ikapindwa iwe ’, inaleta jambo jingine. Kwenye UTF-8, msimbo unaotumiwa na kurasa nyingi leo, herufi za kawaida za Kiswahili huchukua baiti moja kila moja, lakini ritifaa iliyopindwa huchukua tatu. Fungu la data likikatika katikati ya hizo tatu na programu ikajaribu kulisoma papo hapo, herufi inavunjika. Na baiti hizo tatu zikisomwa kwa msimbo wa zamani wa Windows, tunapata ile "ng’ombe" ambayo sote tumeiona kwenye tovuti za magazeti yetu. UTF-8 ilibuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson yuleyule wa Unix pamoja na Rob Pike, na waliiwekea busara moja kubwa: ndani ya herufi ya baiti nyingi, namba 10 haijitokezi kamwe. Kwa hiyo fundi anayejua kazi hutafuta kwanza mwisho wa mstari katika baiti, anakusanya mstari mzima, ndipo anausoma kama herufi. Kusanya kwanza, soma baadaye. Sijui kanuni bora ya kusoma kitu chochote.

Hadi sasa nimezungumzia magunia na ng'ombe. Lakini Rusumo haijulikani duniani kwa sababu hiyo.

Tarehe 28 Aprili 1994 na usiku wake, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. UNHCR walisema hawajawahi kuona wakimbizi wengi kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho. Ilikuwa kama siku moja tu. Rudi usome habari za wakati ule uone tulivyoandika sisi waandishi: mkondo, wimbi, mafuriko ya wakimbizi. Ni maneno ya maji. Na ile namba, 250,000, ina sifuri nyingi mno mwishoni. Namba yenye sifuri nyingi inakwambia kwamba bado hakuna mstari uliokatwa. Wamekadiriwa, hawajaandikwa.

Wakapelekwa Benaco, mahali palipopewa jina na kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Pale ndipo kazi ya kuandika ikaanza, na pale unaona kwamba swali la mstari unaishia wapi halijawahi kuwa la mafundi peke yao. Mstari mmoja wa daftari la kambi ni nani? Mtu? Familia? Kijiji? Watu walipangwa kambini kufuata komuni walizotoka, na mwanzoni, kama ilivyokuwa katika kambi nyingi za Warwanda, chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa komuni hizo. Yaani alama ya kukatia ilikuwa jina la kiongozi. Miongoni mwa waliokuwa Benaco alikuwemo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa burugumesta wa komuni ya Rusumo upande wa Rwanda. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, pale Arusha, ilimhukumu miaka 30 kwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2006 rufaa ikaifanya kifungo cha maisha. Watu wa namna hii ndio waliosimama kati ya mjane na gunia la mahindi, kwa sababu tu daftari lilikatwa kwa komuni badala ya kukatwa kwa kaya. Uandikishaji wa familia moja moja, wenye kadi kwa kila familia, unaonekana ni kazi ya karani. Kumbe ni kumtoa mtu kutoka mkononi mwa mwenzake.

Nina wasiwasi na mlinganisho huu, na ninautaja ili nisiufiche. Binadamu sio baiti. Lakini naona ni afadhali kusema wazi kwamba tuliwahi kuwafanya hivyo, kwa maneno yetu ya maji, kuliko kujidai kwamba kompyuta ndizo zilizoleta ubaridi huo. Desemba 1996 serikali ya Tanzania na UNHCR walitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda waondoke kabla ya tarehe 31, na mamia ya maelfu wakarudi wakipita daraja lilelile. Mafuriko, tukaandika tena.

Hata mstari wa mpaka wenyewe pale haukuchorwa na mto. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi waliyomnyang'anya Mjerumani, na Waingereza wakachukua pia Gisaka, eneo la ng'ambo ya Kagera, wakiota reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Musinga na wamisionari wakalalamika, na kufikia mwaka 1924 Gisaka ilikuwa imerudi Rwanda na mpaka umerudi mtoni. Kwa miaka michache hiyo mto ulikuwa mto tu. Watu wawili Ulaya walikuwa wamekubaliana kukata mahali pengine.

Niliahidi kurudi kwenye kipande cha mwisho, ule mchele wa Kahama usio na alama. Muunganiko umekatika, seva ina akiba mkononi: "magunia 80". Ifanye nini? Programu nyingi hukitupa kipande kama hicho kimyakimya. Nyingine hukihesabu kama mstari kamili, kimyakimya vilevile. Zote mbili zinaweza kuwa uongo. Mafundi ninaowaheshimu hufanya jambo la tatu, lenye usumbufu: wanakitunza kando, wanaandika kwamba kilifika hivi na hakikufungwa, wanamuuliza mtumaji.

Mwaka ule wa 1994 Kagera ilibeba kitu kingine pia. Miili ya waliouawa Rwanda ilipita kwenye maporomoko ya Rusumo, ikateremka na mto hadi Ziwa Viktoria, na watu wa ufukweni Uganda wakaitoa majini na kuizika, wengi wao bila majina. Hao hawakufika kwenye daftari lolote la Benaco. Hakuna karani aliyewakatia mstari. Kipande kinachobaki baada ya mkondo kukatika sio takataka, ni mtu ambaye sentensi yake haikufungwa. Wanaoishi ukingoni mwa ziwa, bila kanuni yoyote ya kuwaongoza, waliwatunza kando na kuweka alama mahali walipowalaza.